Penseli ya Kijani

Ofisini kwetu, chumba cha ramani,
penseli nyekundu huisha kwa mwezi: biashara.
Ya kahawia hujitahidi miezi miwili: makazi.
Ya kijani niliikuta siku naajiriwa,
ndefu kama ilivyotoka kiwandani,
na Mwalyego niliyempokea kiti akasema,
hiyo iache, hiyo ni ya mapambo.

Mimi Tusajigwe, mchora ramani daraja la pili,
niliichonga Jumanne moja ya Juni,
baridi ya Mbeya imekaa dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga,
Loleza imejifunga ukungu hadi kiunoni.
Nikavuta mstari kutoka Forest ya Zamani,
ukateremka na kijito, ukapinda na kijito,
ukatokea nyuma ya Mwanjelwa.

Haukuwa mpya.
Miguu ilishauchora:
wauza mboga wa alfajiri, beseni kichwani,
watoto wanaoshindana na kengele,
na mama mmoja wa Isanga aliyeniambia,
"Hapa napita tangu mimba ya kwanza.
Huyo sasa ni fundi umeme."
Mimi niliiuliza tu ardhi ilikokanyagwa,
nikaandika jibu.

Makisio: milioni themanini na nne.
Njia ya kokoto, madaraja mawili ya mbao,
mabenchi ishirini, choo kimoja chenye maji,
miche mia sita ya mikuyu na misambarau
(si mikaratusi; mkaratusi hunywa mto
na kuomba uongezewe).

Kamati ya Fedha ilikaa baada ya chai.
Mheshimiwa mmoja akauliza,
"Bustani itatuletea mapato gani?"
Nikajibu: kivuli.
Walicheka vizuri, bila ubaya.
Themanini na nne zikawa thelathini,
thelathini zikawa kumi na mbili,
kumi na mbili zikawa
"kadri fedha zitakavyopatikana,"
maneno matatu yaliyozika madaraja mengi
kuliko mafuriko.

Nadhani kosa ni la neno lenyewe.
Sisi tunaandika *eneo la wazi*,
mwenye tamaa anasoma: hapakufungwa.
Uwanja nilikovunjika jino nikiwa darasa la tatu
leo ni kituo cha mafuta;
goli la upande wa mlima ni pampu ya dizeli.
Hakuna aliyeuza. Hakuna aliyenunua.
Bikoni zilitembea usiku, zenyewe, zina miguu.

Ndipo akaja Subilaga, katibu wa akina mama wa viazi,
na daftari la mistari lililofungwa kwa mpira.
Wauzaji arobaini na saba,
shilingi mia tano kila Ijumaa,
Ijumaa kumi na tatu.
Laki tatu, elfu tano na mia tano,
noti zinanuka udongo wa Uyole.
Nikamwambia, mama, hizi hazijengi hata choo.
Akasema, "Najua hesabu, mwanangu.
Hizi si za kujenga.
Hizi ni za kuwaaibisha."

Akazimwaga juu ya meza ya kamati,
akadai risiti.

Mhasibu alitafuta kitabu cha risiti
muda mrefu sana.

Sitadanganya. Daraja ni moja.
Upande wa pili bado mnaruka mawe,
na masika mnarudi mlikotoka.
Miche ilipandwa arobaini,
mbuzi wa mheshimiwa wakala kumi na mmoja.
Benchi la kwanza limechongwa jina la msichana
kabla rangi haijakauka.
Lakini jana jioni niliona wazee wawili wa Ilomba
wametoka nyumbani bila kwenda popote,
wanatembea tu,
mikono nyuma,
kama watu wenye mali.

Leo nimeshuka stoo kuomba penseli nyingine,
yangu imebaki kisiki cha kidole gumba.
Mtunza stoo akapekua fomu, mbele na nyuma:
nyekundu ipo, kahawia ipo, bluu ipo.
Kijani haina mstari.

Nikauchora.